Namwonea Wivu Mtu Anayenipiga

Jumatatu, 3 Machi

Nimechuma mpaka mstari wa mwisho, ule unaopakana na miti ya blugamu. Majani ya chai ni mengi, mvua ya wiki jana imeyaamsha. Mgongo umekufa ganzi. Kituoni tulipanga foleni kama kawaida. Karani anapima, sisi tunangoja lori la kiwanda.

Wesley ndiye dereva. Mume wangu akiwa kazini ni mtu mwingine kabisa. Anaruka chini, anawainulia wazee magunia, anauliza habari za watoto na majina anayajua. Wanawake wanacheka kabla hajamaliza kusema. Mama Brian, jirani yangu, akaniambia, "Wewe hujui bahati yako. Wangu hata kikombe hainui."

Nikasogeza kikapu mbele kwenye foleni.

Joyce alikuwa pale. Ni fundi wa nguo, ana cherehani yake sokoni Mogogosiek, hana mume. Hakuwa na majani ya kupima, alikuwa anatafuta usafiri tu. Wesley akamfungulia mlango wa mbele. Mimi nikarudi kwa miguu na kikapu mgongoni. Kwa wivu sikusalimia mtu njiani.

Jioni akaniuliza kwa nini nilicheka na karani. Sikucheka. Akanipiga kofi la sikio. Halafu akaitisha chai.

Alhamisi, 6 Machi

Sikio bado linavuma kama mzinga wa nyuki. Nimejifunga kitambaa kichwani mpaka shingoni. Kwa baridi hii hakuna anayeuliza.

Wesley ameleta nyama na mkate. Amempakata Cheptoo, binti yetu, wakafanya hesabu za shule pamoja. Ameniambia mimi ndiye mtu pekee anayemwelewa. Kwamba hasira ameirithi, atapigana nayo. Alinishika mkono akisema hivyo. Nilimwamini. Hata sasa ninavyoandika namwamini.

Siku zinazofuata kipigo ndizo tamu kuliko zote katika nyumba hii. Hilo sijamwambia mtu. Wangesema nina wazimu.

Jumapili, 16 Machi

Kwaya inashonewa sare mpya. Joyce ndiye fundi. Baada ya ibada alikuwa nyuma ya kanisa akiwapima waimbaji. Wesley anaimba besi. Zamu yake ilipofika, Joyce akamzungushia utepe shingoni, kisha kifuani, kisha kiunoni. Wesley akasema kitu, Joyce akainamisha kichwa akacheka.

Ile sauti ya Wesley naijua. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kwangu kabla hatujaoana, akinikuta barabarani nikitoka kuteka maji.

Utepe haukuniuma. Sauti ndiyo iliniuma. Najua yule mtu mpole yupo, nilimwona kwa macho yangu, na nimemngoja ndani ya nyumba hii tangu Cheptoo hajazaliwa. Leo nimeona anatolewa nje apewe mwingine.

Namwonea wivu mtu anayenipiga. Nimeandika hivyo, nikakaa nikitazama. Ni aibu. Na ni kweli.

Jumanne, 25 Machi

Simu ililia ikanyamaza. Namba nisiyoijua. Wesley alitaka kujua ni nani. Mpaka sasa sijui ni nani.

Mkanda. Mgongo, mapaja, na mkono wa kulia niliojikinga nao.

Cheptoo alikuwa mezani, anaandika kazi ya shule. Ana miaka saba. Hakulia. Hakuinua kichwa. Aliandika, akafuta kwa raba, akaandika tena. Angelia ningembembeleza. Huyu asiyelia sikujua nimfanye nini.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeondoka. Lori lilipopotea kwenye kona niliita boda boda. Nguo chache, sare ya Cheptoo, kadi yake ya kliniki. Kuku nimewaacha.

Tuko Litein, kwa dada yangu Chepng'etich. Ana hoteli ndogo karibu na stendi, na analala vyumba vya nyuma. Alitazama mkono wangu, akanipa ufunguo, akarudi jikoni. Nilishukuru.

Jumatano, 2 Aprili

Mama amekuja kutoka nyumbani. Kwanza alimaliza chai yote. Halafu akasema ng'ombe wa mahari yangu hawapo tena. Ndio waliotolewa mahari ya mke wa kaka yangu, na huyo mke ana mimba.

"Tukiambiwa turudishe, tutarudisha nini, Chelangat?"

Akasema hata baba alikuwa na mkono mwepesi, lakini alikuja kuchoka mwenyewe. Nikamuuliza alichoka lini. Mama akafikiri.

"Alipougua."

Dada akatoka nje, akaenda kugombana na mtu wa kuni.

Jumatatu, 7 Aprili

Naosha vyombo, nasukuma chapati. Samaki huletwa na Mama Atieno, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa anayeishi Chepilat. Maneno yake machache, mikono yake mikubwa. Leo aliuona mkono wangu ndani ya maji ya sabuni. Hakusema pole. Alichukua sufuria zilizobaki akaziosha yeye.

Namkumbuka Wesley. Lori lolote likipiga honi naacha vyombo naenda kuchungulia, na sijui kama ni hofu au ni hamu. Kitanda cha dada ni kizuri. Silali.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama Brian amepiga simu. Alianza na habari za mvua, nikajua kuna jambo.

Joyce yuko kwangu. Ana siku kadhaa huko. Asubuhi ameonekana shambani anachuma majani. Amevaa gambuti zangu.

Ile chai niliipanda mimi. Nilichimba mashimo nikiwa na mimba ya Cheptoo, Wesley akiwa barabarani. Kiangazi cha kwanza niliibebea maji kutoka mtoni, nikainywesha mche kwa mche. Shamba ni la baba yake. Namba ya mkulima kiwandani ni ya Wesley, malipo yanaingia kwake. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini mikono ilikuwa yangu. Sasa vidole vya mwingine vinachuma pale, na karani anampimia bila kushangaa.

Sijala. Dada anasema nishukuru, amepata mwingine wa kumpiga. Nimemchukia kwa neno hilo. Nilitaka kumwambia, na kama hampigi? Kama huyo amempata yule mpole? Basi mimi nimekula makapi miaka yote hii ili yeye aje ale unga.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Wesley amekuja, na mzee mmoja wa kanisa. Shati jipya. Ndevu amenyoa. Alipiga magoti hapo hapo kwenye sakafu ya hoteli, wateja wakaacha kula. Alilia machozi. Akasema Mungu ameshamsamehe, nimebaki mimi tu.

Dada alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anamtazama Wesley.

Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza chochote. Ule mkanda uko wapi. Ukikasirika tena utafanya nini. Nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Joyce yuko wapi?"

"Ukirudi, anaondoka," akasema. "Hata leo."

Nilisikia utamu mwili mzima. Sitaficha hapa, ulikuwa utamu. Nilikuwa nimemshinda mtu.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi. Joyce hayupo. Gambuti zimeoshwa, zimesimamishwa ukutani. Vyombo vimepangwa kivingine, vikombe vimening'inizwa kwenye misumari. Madirishani kuna mapazia ya maua ya kijani. Ameyashona mwenyewe.

Niliyang'oa. Halafu barabara yote ikawa inaona ndani. Nikayarudisha.

Mama Brian alikuja kunikaribisha. Akakaa, akasema bila nia mbaya, "Lakini huyo hakuwa na maneno. Nyumba ilikuwa kimya. Hata Wesley alikuwa ametulia."

Ametulia. Nimelala na neno hilo kama mtu aliyelala juu ya jiwe.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ni njema. Naziogopa, lakini ni njema. Wesley anakamua ng'ombe mwenyewe asubuhi. Jana alimletea Cheptoo viatu.

Nimekuwa najaribu kuwa Joyce. Naongea kidogo. Nacheka nimeinamisha kichwa. Vikombe nimeviacha pale alipoviweka. Kituoni sitazami upande wa karani. Nikipika najiuliza, yeye alikuwa anatia chumvi kiasi gani? Mtu angejua angenicheka. Mwanamke aliyerudi nyumbani kwake, na anaishi kama mgeni anayemwigiza mgeni mwingine.

Dada hajanipigia simu tangu nirudi. Namwelewa.

Ijumaa, 16 Mei

Jana nilimuuliza Wesley kwa nini amechelewa. Ndiyo kosa langu lote. Niliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

Alinisukuma kwenye kona ya meza. Halafu mateke. Upande wa kushoto hauvuti pumzi vizuri. Cheptoo alichukua vitabu vyake, akahamia jikoni bila kuambiwa.

Alipomaliza alisema, "Joyce hakuwa hivi."

Nimekaa na maumivu haya tangu jana, na bado sentensi ile ndiyo inayonichoma zaidi. Hata mbavu zimekubali kushika nafasi ya pili. Ndipo nilipofikia.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeenda zahanati. Muuguzi ni msichana mdogo, mikono baridi. Aliuliza imekuwaje. Nilifungua mdomo kusema habari ya ng'ombe na teke, nikasema, "Mume wangu." Nilishangaa mwenyewe. Hakunitazama kwa huruma, nilimpenda kwa hilo. Akaniambia polisi wana dawati la mambo haya, niende.

Sikwenda. Askari wa pale hupanda lori la Wesley bure kila akitoka kazini. Yeye na Wesley watasalimiana kwanza, ndipo aniulize nina shida gani.

Niliporudi Wesley alikuwa amepika uji. Nilikunywa.

Jumamosi, 31 Mei

Leo nimefanya kitu. Nimempeleka Cheptoo sokoni kupimwa sketi ya shule. Mafundi ni wengi. Nimeenda kwa Joyce.

Niseme ukweli wote. Nilitaka kumwona mwili. Nilitaka alama. Jicho, mkono, jino, chochote. Ningeona alama ningelala. Ningejua si mimi.

Amevaa blauzi ya mikono mifupi. Ngozi safi.

Aliniita kwa heshima, "Karibu, Mama Cheptoo," akanipa kiti. Cherehani ya jirani ilikuwa inapiga kelele, nikatumia kelele hiyo kuuliza.

"Alikuwa anakupiga?"

"Hapana," akasema. "Alikuwa mtu mzuri kwangu. Sitakudanganya."

Laiti angenidanganya. Nilitamani kumrukia na kumbusu mikono, vyote kwa pamoja. Mtu mzuri. Kwa hiyo yupo. Kwa hiyo ni mimi.

Akamwita Cheptoo asimame. Akainua mkono kuchukua utepe, ulikuwa umening'inia msumarini juu ya kichwa cha mtoto.

Cheptoo akajikunja. Alifunika kichwa kwa mikono miwili na kufumba macho, haraka, kama mtu aliyezoea.

Mkono wa Joyce ulibaki hewani. Alinitazama. Nami nilimtazama. Halafu akaushusha polepole, akauweka utepe mezani pale mtoto anapouona, akarudi nyuma hatua moja.

"Simama tu hivyo," akamwambia. "Nitakupima kwa macho."

Njiani Cheptoo aliniuliza kama sketi itakuwa na mifuko. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekuja kutafuta alama kwenye mwili wa mwanamke mwingine. Na alama ilikuwa imesimama kando yangu imevaa soksi za shule.

Jumatano, 4 Juni

Tumeondoka tena. Safari hii sikumwambia mama. Dada peke yake ndiye anajua, na ni yeye aliyesema Litein hapana, huko Wesley atakuja na wazee wengine. Akampigia Mama Atieno.

Tuko Chepilat. Chumba kimoja nyuma ya kibanda cha samaki. Huku si njia ya lori lake. Hakuna wa ukoo wake hapa, hakuna wa ukoo wangu. Mama Atieno hajui Kikipsigis, nami sijui Kijaluo, kwa hivyo tunaongea Kiswahili na hatuongei sana. Alisema mambo mawili tu: godoro liko wapi, na mlango unafungwaje.

Sikujisikia shujaa. Nilitapika kando ya barabara.

Jumapili, 15 Juni

Jumbe za Wesley kwenye simu tangu asubuhi. Kwanza tamu. Halafu matusi. Halafu zaburi. Halafu tamu tena. Najua utaratibu wake kama ninavyojua mistari ya chai, na bado nikifika kwa tamu moyo unalainika. Nasoma mara mbili.

Kaka amepiga. Anasema nimewaaibisha, watoto wa watu huvumilia. Nikamuuliza kama yeye humpiga mkewe. Akakata simu.

Mwalimu mkuu wa hapa amempokea Cheptoo. Kazi yangu ni kuparua magamba na kukaanga. Nanuka samaki. Majani nimeyaacha yakiwa mazuri, wakati wa kuchuma ulikuwa umefika. Najiuliza nani ameyachuma.

Jumamosi, 26 Julai

Nimejua nani. Sikupaswa kupokea simu ya Mama Brian, nikapokea.

Joyce amerudi pale. Safari hii amehama na cherehani. Wanaenda kanisani pamoja, anakaa mbele kwenye lori. Chai imepogolewa, imewekwa mbolea. "Wamependeza," Mama Brian akasema, kisha akajuta, nikamsikia akijuta.

Joyce aliona. Mkono wake ulikuwa hewani na aliona, na bado amekwenda. Nilitaka kumwita mjinga. Lakini mimi nimeona mambo hayo kwa miaka, na nilikuwa nikirudi. Anafikiri kwake itakuwa tofauti. Na mimi ninachoogopa ni kwamba itakuwa tofauti.

Niliunguza samaki wa asubuhi. Nikaunguza wa mchana. Nilitoa mfuko nikaanza kutia nguo. Nilikuwa naenda. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa imara. Nilikuwa naenda nikamtoe mwanamke kwenye nyumba inayonivunja mbavu, kwa sababu ni nyumba yangu.

Mama Atieno aliingia, akauona mfuko, akakaa kitandani. Godoro likazama.

"Unaenda kufanya nini?"

Nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia labda atakuwa mzuri kwake. Labda hatamgusa kamwe. Labda yote niliyongoja atayapata yeye, kwenye kitanda changu, na chai yangu nje ya dirisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atasema mtu kama huyo habadiliki, kama wanavyosema wote. Hakusema hivyo.

"Basi awe mzuri kwake," akasema. "Wewe itakupunguzia nini? Kwako hakuwa."

Akainuka, akaenda kuwageuza samaki. Nilikaa na ule mfuko mapajani mpaka Cheptoo akaja kuuliza kama tunaenda mahali. Alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa amevivaa bila kuambiwa, akasimama mlangoni akingoja, uso umefungwa kama siku ile ya kazi ya shule.

Nikasema hapana. Vua.

Jumatano, 30 Julai

Mama amepiga simu. Sikutaka kupokea. Hakusema habari za ng'ombe. Aliuliza kama tunakula vizuri, na kama huku kuna baridi. Nikasikia jogoo wa kwetu. Halafu akasema, "Kaa tu huko," akakata.

Nililia jikoni. Moshi ulinisaidia.

Alhamisi, 14 Agosti

Shule zimefungwa. Mvua ya mawe adhuhuri, ikapita. Watoto wa jirani waliyaokota mawe wakayala, Cheptoo pamoja nao. Jino lake la mbele limeng'oka. Amelitupa juu ya paa, Mama Atieno akamfundisha maneno ya kusema kwa Kijaluo.

Sijui kama Wesley anampiga Joyce. Siku nyingine naomba asimpige. Siku nyingine naomba ampige, na hiyo ni dua mbaya, najua. Leo sikuomba lolote kuhusu wao. Nimegundua jioni hii tu, nikianua nguo.

Wivu haujaisha. Upo, kama mbavu wakati wa baridi.

Nguo zimekauka nusu. Nimezitandaza juu ya viti. Cheptoo ananiita nikaone kitu nje. Naenda.